Sura ya Sita: Vita na Ukoko

Ugali wa uwele ukisongwa kwenye sufuria nyembamba juu ya moto mkali, chini kabisa hubaki tabaka gumu la kahawia linaloelekea weusi. Huo ndio ukoko. Watoto huugombania, mpishi huuhesabu kuwa hasara, na anayeosha sufuria hukesha akiukwangua. Nimeanza na ukoko kwa sababu sura hii yote inauhusu. Tanuri la kuvunja mafuta mazito, pamoja na chuma chake ghali na dohani lake refu, ni jiko linalopika kitu kizito kwa moto mkali huku likihangaika kisishike chini. Anayeumudu ukoko anapata petroli na dizeli. Anayeshindwa anapata mrija ulioziba, na siku mbaya zaidi anapata mrija uliopasuka katikati ya moto.

Mafuta ghafi yanayotoka ardhini si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa minyororo ya kaboni na hidrojeni, mifupi kwa mirefu. Wenye kaboni tatu au nne ni gesi ya mtungi. Ukifika saba, nane, kumi, hiyo ni petroli. Kwenye kumi na tano hivi kuna dizeli, ukivuka ishirini unaingia kwenye nta, na mbele zaidi, ambako minyororo imejiviringa ikawa mafundo, kuna lami ya barabarani. Kila kiwanda cha kusafisha mafuta huanza kwa kutenganisha makundi hayo: mafuta hupashwa moto, mepesi hupanda mnarani yakiwa mvuke, mazito hubaki chini. Kazi hiyo ni kupepeta. Ungo hauongezi punje, unatenga tu zilizokuwamo. Pipa lililokuja na petroli kidogo litatoa petroli kidogo, na anayetaka zaidi hana budi kwenda kwenye kinu akatwange.

Afrika Mashariki ilijenga nyungo, haikujenga vinu. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilianza kazi mwaka 1963. Kile cha TIPER, Kigamboni, ambacho Tanzania ilikijenga pamoja na Waitaliano wa ENI, kilifuata mwaka 1966. Jirani yetu Zambia, iliyokwisha kuunganishwa na Dar es Salaam kwa bomba la TAZAMA la kilomita 1,710 tangu 1968, ilifungua kiwanda chake cha Indeni pale Ndola mwaka 1973. Vyote vitatu vilikuwa vya aina moja: mnara wa kutenganisha, mitambo ya kurekebisha petroli iliyokwisha kupatikana, basi. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na tanuri la kuvunja mazito. Wazambia walijua udhaifu wa ungo wao, ndiyo maana mafuta yaliyosukumwa kwenda Ndola hayakuwa ghafi tupu. Yalichanganywa kwanza na dizeli na mafuta mengine mepesi, ili mnarani kitoke kile ambacho soko lilikihitaji. Kwa lugha ya jikoni, walikuwa wakichanganya unga kwenye pumba kabla ya kupepeta.

Kilichobaki chini ya mnara hakikutupwa. Wakati huo mafuta mazito yalikuwa na wateja wake. Injini nyingi za moshi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki ziliyachoma, viwanda vya saruji viliyachoma, na mitambo ya umeme pia. Kwa hiyo miaka ile ungo ulitosha, na sioni haki ya kuwalaumu waliouchagua. Nchi changa yenye magari machache na reli yenye njaa ya mafuta meusi ilikuwa na sababu ya kununua kiwanda rahisi.

Hali ikageuka. Injini za moshi zikastaafu. Saruji na umeme vikahamia kwenye makaa ya mawe, maji na gesi asilia. Magari yakaongezeka, na kila gari lilitaka petroli au dizeli. Kiwanda kinachotoa sehemu kubwa ya pipa ikiwa mafuta ambayo hayana mnunuzi wa bei nzuri hakiwezi kushindana na meli inayoleta dizeli iliyokwisha kusafishwa. TIPER ikaacha kusafisha mafuta mwishoni mwa miaka ya 1990, ikabaki kuwa ghala. Vinu vikajengwa ng'ambo: mwaka 1999 ndipo kiwanda kikubwa cha Jamnagar, jimbo la Gujarat, India, kilipoanza kazi, kikiwa na vinu vya kutwangia mazito. Mwaka 2006 Sohar, Oman, ilipata kiwanda kilichojengewa uwezo wa kuvunja masalia ya mnara. Changamwe ilijikongoja hadi 2013, nayo ikazima.

Siku hizi, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza kutoka Dodoma bei kikomo za mafuta, na mwendesha bodaboda wa mtaa wa Area C husikiliza kwa moyo mzito. Ndani ya bei hiyo mna gharama ya meli, ya bandari, ya lori linalopanda kutoka Dar es Salaam. Vilevile mna malipo kwa ajili ya tanuri. Sehemu ya petroli anayoitia kwenye tangi lake haikuwa petroli ilipotoka ardhini. Ilikuwa nta au mafuta meusi, ikavunjwa kwa moto mahali fulani ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Sasa mafuta yenyewe yamepangiwa njia ya kupita uani kwetu. Bomba la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lilipitishiwa uamuzi wa mwisho wa uwekezaji tarehe 1 Februari 2022. Kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, na njia yake inaikata nyanda ya kati: inatoka Tabora, inapita Singida, inaingia Chemba na Kondoa katika mkoa wa Dodoma, kisha inashuka kupitia Manyara kwenda pwani. Mafuta hayo, ya Ziwa Albert, yana sulfuri kidogo, jambo jema, lakini yamejaa nta. Yakipoa hadi kufikia nyuzi 40 hivi za Selsiasi huanza kuganda kama samli asubuhi ya Juni. Ndiyo sababu mabomba yake yenye kipenyo cha inchi 24 yanavishwa koti la povu la kuhifadhi joto katika kiwanda kilichojengwa kijiji cha Sojo, wilaya ya Nzega, na kuwekewa nyaya za umeme za kuyapasha, ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50 njia nzima.

Watu wengi huisikia habari hii ya nta kama kasoro. Kwa mwenye tanuri si kasoro. Nta ni minyororo mirefu iliyonyooka, nayo huvunjika vizuri ikiacha ukoko kidogo kuliko mafundo ya lami. Kinachosumbua bomba ndicho kinachompendeza mpishi.

Lakini kwa nini ukoko utokee hata kidogo? Mhandisi kijana akilielewa jibu hili, yaliyobaki ni chuma na hesabu. Mafuta mepesi yana hidrojeni nyingi kwa kila kaboni kuliko mafuta mazito. Ukivunja mnyororo mrefu vipande viwili, kila kipande kinadai hidrojeni ya kufunika jeraha lake, na tanurini hakuna hidrojeni ya ziada. Kipande kimoja hunyang'anya kingine. Kilichonyang'anywa nacho humgeukia jirani. Mwisho wa unyang'anyi huo kuna petroli iliyoshiba upande mmoja, na upande wa pili kuna kaboni iliyofilisika, isiyo na hidrojeni ya kuiwezesha kutiririka. Kaboni hiyo hushikana ikawa jiwe jeusi. Ukoko, basi, haumaanishi kwamba mpishi amekosea. Ni deni la hesabu ya hidrojeni, na lazima lilipwe mahali fulani. Kazi ya anayebuni tanuri ni kuchagua mahali litakapolipwa.

Mmoja wa waliotangulia kulikabili jambo hili kwa karatasi za kisheria alikuwa Mrusi Vladimir Shukhov, ambaye pamoja na Sergei Gavrilov alipata hataza ya kuvunja mafuta kwa moto mwaka 1891. Shukhov ndiye aliyewahi kubuni bomba la kwanza la mafuta la Urusi, kule Baku, mwaka 1878, na pengine kuishi na mabomba ndiko kulikompa wazo sahihi: mafuta yapite ndani ya mirija inayopashwa moto, yasikae kwenye chungu. Wazo hilo lilitangulia soko. Urusi ya wakati ule ilitaka mafuta ya taa, na petroli haikuwa na kazi ya maana.

Soko lilipokuja, lilikuja Marekani pamoja na motokaa, na aliyelipokea alipita njia ya chungu. William Burton, mkemia wa kiwanda cha Whiting kando ya Ziwa Michigan, pamoja na Robert Humphreys, alichukua mapipa makubwa ya chuma yaliyolala, akawasha moto chini, akaufunga mvuke ndani mpaka msukumo ukafika kama mara tano ya ule wa hewa ya kawaida. Msukumo huo ulizuia mafuta yasitoroke kabla ya kuiva. Wakurugenzi wa Standard Oil, kampuni yenye kiwanda hicho, kule New York walikataa kumpa fedha, na woga wao ulikuwa wa haki, kwani walikuwa wanaombwa wachemshe mafuta chini ya msukumo ndani ya bati lililounganishwa kwa ribiti. Mwaka 1911 mahakama ikaivunja kampuni hiyo kubwa, tawi la Indiana likajitegemea na kumruhusu. Hataza ilitoka Januari 1913. Mafundi walizoea kuziba nyufa za ribiti kwa nyundo huku pipa likiwa kwenye moto. Nikiifikiria kazi hiyo mwili husisimka.

Kilichowatesa zaidi ni ukoko. Pipa la Burton lilipikwa kwa siku moja au mbili, kisha moto ukazimwa, likapozwa, watu wakaingia ndani kukwangua. Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kusonga ugali. Sehemu ya chini ya pipa ndiyo iliyopokea moto wote, na ndipo mazito yalipotulia. Joto kali kabisa likakutana na mafuta mazito kabisa, yasiyojongea. Edgar Clark, wa kampuni ileile, aliuhamisha moto kutoka kwenye pipa akaupeleka kwenye mirija iliyounganishwa nalo, na mafuta yakaanza kuzunguka. Baadaye Jesse Dubbs na mwanawe Carbon walijenga utaratibu wa mafuta kupita mfululizo bila kuzima kila baada ya siku mbili. Hivyo dunia ikarudi kwenye wazo la Shukhov, baada ya kulilipia kwa jasho.

Tuingie ndani ya tanuri la leo. Ni sanduku la chuma lenye kimo cha ghorofa kadhaa, limevishwa ndani kwa matofali au saruji ya kuhimili moto. Sakafuni vichomeo vimepangwa safu. Mirija ya chuma, yenye kipenyo cha sentimita kumi hivi, inakwenda na kurudi kama kamba iliyofumwa kitandani. Sehemu hii ya chini inaukabili moto uso kwa uso: joto huifikia mirija kama jua la saa saba linavyomfikia mkulima wa mpunga kule Bahi, bila kuguswa na kitu. Moshi, ukiwa bado na nyuzi 800 hivi, hupanda kupitia shingo hadi sehemu ya juu ambako mirija imesongamana, na huko huipitishia joto kwa kuipapasa, kama mvuke wa chungu unavyopapasa mkono. Mafuta hufanya safari ya kinyume. Huingia kwa juu, kwenye moshi uliopungua ukali, yakashuka kuelekea motoni kadiri yanavyozidi kuwa moto. Kwa mpangilio huo moshi hunyonywa joto lake karibu lote kabla ya kuingia dohani. Hata hivyo haupozwi kupita kiasi, maana moshi wenye sulfuri ukipoa sana hutonesha asidi, na asidi hula chuma.

Masalia ya mnara huingia na kama nyuzi 350 na kutoka na 490 hadi 500. Kati ya namba hizo mbili pana ugumu wote. Kwenye joto hilo, kila nyuzi 12 hadi 15 unazoongeza, kasi ya kuvunjika huongezeka maradufu. Mpishi wa maharage akizidisha moto kidogo anapata maharage yaliyowahi kuiva. Mwenye tanuri akizidisha nyuzi 30 amezidisha kasi mara nne, na ukoko nao umeongeza mwendo. Tena joto analolisoma kwenye kipimo ni la mafuta ya katikati ya mrija. Pembeni, panapogusana na chuma, kuna utando mwembamba wa mafuta unaokokota miguu, nao ni moto kuliko wa katikati kwa makumi ya nyuzi. Ukoko huzaliwa ndani ya utando huo.

Kwa hiyo mbuni hupigana pale. Kwanza hulazimisha mafuta yakimbie. Mrija huchaguliwa uwe mwembamba kiasi cha mafuta kuingia kwa mwendo wa mita mbili hivi kwa sekunde, na kadiri yanavyogeuka mvuke ndivyo mwendo unavyoongezeka na kuuchakaza ule utando. Huongezwa mvuke wa maji kidogo ili kuyasukuma zaidi. Kisha anautawanya moto. Ulimi wa moto hauruhusiwi kulamba mrija hata kidogo, na hapo hakuna mjadala. Hata bila kulambwa, mrija uliowekwa ukutani hupokea joto zaidi upande unaotazama moto: mahali palipozidiwa hupata karibu mara 1.8 ya wastani. Mchoma mahindi wa kituo cha mabasi angelitatua hilo kwa kuligeuza gunzi. Mrija haugeuki. Wahandisi wakauning'iniza katikati ya sanduku na kuweka moto pande zote mbili, na ile tofauti ikashuka hadi kama 1.2. Ni badiliko la gharama, kwani sanduku linakuwa kubwa na vichomeo vinaongezeka, lakini tanuri la namna hiyo hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kuhitaji kukwanguliwa. Ningekuwa na fedha za kutumia mahali pamoja tu, ningezitumia hapo.

Ukoko ukishajikita, hujilisha wenyewe. Hupitisha joto kwa shida kuliko chuma, kwa hiyo ili mafuta ya ndani yafike nyuzi 490, chuma cha nje lazima kiwe moto zaidi. Milimita chache za ukoko zinaweza kupandisha joto la mrija kwa nyuzi hamsini au zaidi. Mirija hutengenezwa kwa chuma chenye kromi asilimia 9 na molibdenamu asilimia 1, kinachovumilia kuliko chuma cha kawaida, lakini kikikaribia nyuzi 700 huanza kulegea na kutuna kama mguu wenye mshipa. Ndiyo maana tanuri lina matundu ya kuchungulia. Mwangalizi wa zamu hupita usiku, akafungua kifuniko, akatazama. Mrija mzima una rangi moja iliyofifia. Akiona bato jekundu linalong'aa kuliko jirani zake, anajua ukoko umeota nyuma yake.

Dawa ya hapo ni kuukwangua. Njia ya zamani ni kuondoa mafuta, kupitisha mvuke wa maji ili ukoko upasuke na kumeguka, kisha kuingiza hewa kidogo kidogo ili uliobaki uungue polepole. Hewa ikizidi, moto huwaka ndani ya mrija na kuuyeyusha. Siku hizi mara nyingi husukumwa kwa maji tufe lenye meno ya chuma, likapita mirija yote likikwangua, kama mwiko mgumu.

Akili kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ilionekana Whiting mwaka 1929. Kwa kuwa deni la ukoko lazima lilipwe, walijiuliza, kwa nini lilipwe ndani ya tanuri? Yapashwe mafuta upesi, yakimbizwe mirijani kabla hayajapata nafasi ya kutua, kisha yamwagwe kwenye dumu kubwa lisilo na moto. Huko yamalizie kuvunjika kwa joto yalilokuja nalo, na ukoko utue humo kwa nafasi. Dumu likijaa, mafuta huhamishiwa la pili, na ukoko wa la kwanza hukatwakatwa kwa maji yenye msukumo mkubwa mno. Ukoko huo huuzwa kama makaa. Kuna njia nyingine zilizofuata: Mfaransa Eugène Houdry aliingiza kichocheo kilichopunguza ukali wa moto, na kiwanda chake kikubwa kilianza Marekani mwaka 1937. Mwaka 1942, Baton Rouge, kichocheo kilifanywa unga unaotiririka kama maji. Hizo zinastahili sura ya peke yake. Lakini mazito ya mwisho, yaliyo machafu mno kwa kichocheo, bado hurudi kwenye tanuri na dumu.

Mwanafunzi mmoja wa uhandisi wa petroli pale Dodoma aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, tukilinunua tanuri la pwani tukalileta huku kama lilivyo, litafanya kazi?" Swali zuri, kwa sababu jibu liko kwenye hewa anayoivuta. Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, jambo ambalo mpika maharage aliyehamia kutoka Dar es Salaam huligundua kwa kuni za ziada. Hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 au 13. Kichomeo kinahitaji oksijeni ileile kwa kila kilo ya gesi, kwa hiyo lazima kivute hewa nyingi zaidi kwa ujazo. Anayeivuta ni dohani, na nguvu ya dohani hutokana na uzito wa hewa ya nje dhidi ya wepesi wa moshi wa ndani. Hewa ya nje ikipungua uzito, dohani linapungua nguvu kwa kiasi hichohicho, wakati huohuo moshi uliotanuka unazidi kukwaruzana na kuta.

Tulipiga hesabu ubaoni. Tukichukulia joto sawa na kipenyo kilekile, upungufu wa nguvu unadai kimo kiongezwe kwa asilimia 14, na msuguano unadai asilimia 14 nyingine juu ya hizo. Dohani la mita 30 la pwani linataka kufika karibu mita 39 Dodoma, au lipanuliwe, au lisaidiwe na feni. Bila hivyo moto utakosa hewa, ulimi wake utarefuka ukitafuta oksijeni, na mahali utakapoipata ni jirani na mirija. Utailamba. Ukoko utaota. Yote hayo kwa sababu ya mwinuko ambao msafiri wa treni ya umeme anayepanda kutoka Morogoro hauhisi hata masikioni.

Kuna suala la maji pia. Mvua ya Dodoma kwa mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, na kiwanda cha namna hii hunywa maji: kupoza, kutengeneza mvuke, kukata ukoko dumuni. Mbuni wa nyanda hizi angepoza kwa feni za hewa popote inapowezekana, na maji ya kukatia ukoko angeyachuja na kuyarudisha tena na tena. Yanawezekana yote. Yanataka tu kuandikwa kwenye mchoro tangu siku ya kwanza, si kugunduliwa tanuri likishawashwa.

Nina neno kwa vijana wa gereji, kwa sababu nimeliona jambo hili kwa macho yangu na liliniogopesha. Pembezoni mwa miji yetu kuna wanaochemsha oili chafu, plastiki au matairi kwenye pipa la lita 200 ili wapate kitu kinachofanana na dizeli. Wanachokifanya ni kuvunja mafuta, na chombo chao ni chungu cha Burton bila bati nene, bila kipimo cha msukumo. Ukoko hushika chini ya pipa, chuma chini yake kikawa chekundu, kikalegea, na yaliyomo ndani yana joto la kuwaka yenyewe yakigusa hewa. Burton alikuwa na mafundi, fedha na ukuta wa matofali, bado nyufa zilimwandama. Nawaomba muache. Ujuzi wenu ni wa kweli na unahitajika, lakini si juu ya pipa.

Mafuta ya Ziwa Albert yakipita chini ya mashamba ya uwele ya Chemba, yatakuwa na nyuzi 50 na kidogo: moto wa kutosha kuifanya nta itiririke, baridi mno kwa mnyororo wowote kuvunjika. Yatakwenda hivyo hadi Chongoleani, yapakiwe melini. Nyuzi 440 zilizobaki yataongezewa ng'ambo, katika tanuri ambalo mtu mwingine ndiye anayefungua kifuniko cha tundu usiku wa manane, akikagua mrija mmoja baada ya mwingine, akitafuta bato jekundu.